Aliyebeba Mkwamba Hasemeshwi

Mimi ni mtu wa hasira, wala sifichi. Wateja wangu pale sokoni Chikongola wananijua: ukiniletea kipande kidogo cha kitambaa halafu ukataka gauni la kufagia sakafu, tutasemana mpaka mafundi wenzangu waache vyerehani vyao waje kusikiliza. Kwa hiyo nikizungumzia mkwamba, usitegemee nitausifia kama wale wauza dawa wa kwenye simu, ambao kila mti kwao unatibu sukari, presha na mapenzi. Mkwamba naujua. Nimekula matunda yake utotoni, nimefukizwa kwa majani yake nikiwa na homa, nimenyweshwa maji ya mizizi yake nilipovunja ungo na tumbo likanikata. Siuchukii, ila nikiuona umechanua kando ya njia ya kwenda Naliendele, nageuza uso.

Ni kichaka tu, jamani, hakina makuu. Vijiti vyake vyembamba vinaota vingi kutoka shina moja, vinapanda kisha vinainama, na majani yake ni madogo ya mviringo, yamepauka upande wa chini. Mvua za kwanza zikinyesha kinatoa maua madogo mno, rangi kati ya kijani na njano, ambayo asiyejua hata hayaoni, anasikia nyuki tu. Baadaye yanakuja matunda meupe, madogo kama shanga, matamu, yenye ukakasi kidogo mwishoni. Watoto wa pwani yote wanayagombania na ndege.

Kwetu ni kijiji kimoja huko chini, pale Ruvuma inapogawanyika vijito vijito kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini. Mimi niliolewa Mikindani, nikabaki hukohuko hata ndoa ilipovunjika. Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, alibaki kijijini na mama. Wanaume wa kule wanakata vijiti vya mkwamba kusukia madema ya kutegea samaki, maana ukivikunja havivunjiki. Wanawake wanataka majani na mizizi, na mchimbaji alikuwa mama yangu. Si mganga. Mwite mganga uone atakavyokununia. Ni mama tu aliyefundishwa na mama yake: majani ni ya nyungu, mwenye homa afunikwe shuka ajifukize, ncha changa zinatafunwa kwa kikohozi, mzizi ni wa chango, yale maumivu ya tumbo la chini yanayotusumbua wanawake, na ni wa mjamzito anayevimba miguu. Na mama huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwafukuza wasichana waende kliniki. Kwake hivyo viwili havikugombana. "Mguu mmoja zahanati, mguu mmoja porini," alikuwa akisema. "Nani anatembea kwa mguu mmoja?"

Lakini mkwamba una mwiko wake. Anayekwenda kuchimba hasemi na mtu. Anakwenda kimya na kurudi kimya, mwendo wa taratibu, bila kugeuka nyuma, mpaka mzizi uguse maji ya chunguni. Mzizi wenyewe anaufunga kwenye fundo la kanga, kifuani, ili kila atakayemwona ajue. Ukikutana naye njiani unaingia majanini, unainamisha kichwa, unampisha. Ukimsemesha, dawa inapoa, na dawa iliyopoa ni kuni tu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumkimbilia mama akiwa na fundo lake, namwita, namvuta kanga, nataka hela ya visheti. Alinipita kama mti. Akaenda akatia mzizi chunguni, akarudi, akanishika sikio nikaona nyota. Tangu hapo nilijua.

Zamani mkwamba ulikuwa mpaka nyuma ya choo. Siku hizi mikorosho imefika mlangoni, na msimu wa kupuliza salfa lile vumbi la njano linatua kwenye kila jani. Mama alikuwa akisema mkwamba uliokula salfa hampi hata mbuzi. Uliobaki safi ni wa makaburi ya zamani, mbali, nyuma ya mashamba, ambako hakuna anayethubutu kufyeka. Huko ndiko alikokuwa akienda.

Basi mwaka juzi, mvua zimeanza, mama alinipigia simu. Mdogo wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, imeingia miezi ya mwisho, na alikuwa amevimba. Nikafunika cherehani, nikaenda. Nilimkuta amekaa mkekani, miguu imejaa mpaka vifundo havionekani, uso umeumuka kama andazi. Nilipotoa macho, yeye akanicheka.

"Dada, usinitazame hivyo. Nimenona tu. Si wewe uliyekuwa ukiniita fito?"

Nilimwita fito kweli, tangu akiwa mtoto.

Zahanati iko ng'ambo ya mkondo wa maji ya chumvi. Barabara inakatiza pale juu ya mawe. Maji yakitoka, gari linapita bila taabu. Yakijaa, hasa siku za bamvua yanapopanda kuliko kawaida, mawe yanazama na hapiti mtu wala gari mpaka yatoke tena. Nesi wa huko alikuwa amempa mdogo wangu maneno ambayo nyumba nzima iliyashika: kichwa kikikuuma sana, au macho yakianza kuona ukungu, usikae, njoo. Siku niliyofika kichwa hakikumuuma, na macho yalikuwa mazima, maana aliona hadi uzi uliochomoza kwenye pindo langu akanisuta kuwa fundi gani mimi. Tukapanga na mama kwamba kesho yake asubuhi achimbe mzizi, mdogo wangu anywe, na jioni maji yakishatoka tukodi bajaji twende zahanati sote. Hatukuwa watu wajinga. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia watu wa mjini wakisema, "Hao si ndio wa mitishamba."

Asubuhi mama akachukua kijembe chake akaondoka. Simu akaiacha kitandani, kama siku zote, maana simu nayo ni kusemeshwa.

Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri mdogo wangu aliposema, "Dada, mbona kumeingia giza?"

Nikamtazama. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, macho wazi, na hanioni. Nikatoka mbio mpaka barabarani bila hata mtandio. Mungu si Athumani, kirikuu kimoja, kigari cha mizigo, kilikuwa kinatoka mashamba ya chumvi, nikasimama katikati ya njia. Dereva alikuwa mtu mzima, hakuuliza maswali mengi.

"Mpakieni," alisema. "Ila haraka, mama. Leo bamvua, maji yameshaanza kupanda. Yakifunika yale mawe mimi sipiti, hakuna apitaye."

Nikarudi ndani kumwinua. Akakaza mwili.

"Mama yuko wapi?"

"Mama yuko makaburini, anachimba. Inuka twende."

"Siendi bila mama."

"Ebo! Huoni macho, unaniambia nini?"

"Mimba ya kwanza, dada. Sitoki bila radhi yake."

Kwetu ndivyo tulivyofundishwa unyagoni: mwenye mimba ya kwanza hatoki nyumbani kwenda kujifungua mpaka mama yake amwekee mkono tumboni na kumtamkia radhi. Akitoka bila radhi, wanasema, mtoto atakataa kutoka. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, ngoma ikilia, na niliyaamini. Nikamvuta, akashika nguzo ya kitanda. Alikuwa mpole kwa kila jambo, ila akishaamua hata punda ana nafuu.

Mume wake alikuwa nje, ukutani, anasuka dema. Shemeji yangu huyo ni kijana mtulivu mno, hata akikohoa anaomba samahani. Nikamwambia, "Shemeji, kimbia. Mwambie mama gari lipo na maji yanajaa, aache kila kitu aje." Akatupa dema, akaondoka mbio, hata kandambili hakuvaa.

Tukangoja. Mdogo wangu sasa alikuwa analia kwa kichwa, kilio cha chini, cha mtu asiyetaka kusumbua. Dereva akapiga honi. Nikatoka, nikatazama njia, nikarudi. Akapiga tena. Akaja mpaka mlangoni, akasema, "Mama, nakuambia kweli, maji hayana urafiki." Nikamjibu vibaya, kwamba kama ana haraka aende, na asipokwenda apige honi mpaka makaburini wasikie. Mtu wa watu akarudi kwenye gari lake akaendelea kupiga. Mimi nikampigia magoti mdogo wangu. Nikamwambia radhi ya dada mkubwa ni sawa na ya mama. Akasema, "Mama anakuja, dada. Si umeshamtuma mtu?"

Hatimaye nikawaona wanatokea kwenye mikorosho. Mama mbele, mwendo wa taratibu, macho chini, fundo la kanga kifuani. Nyuma yake, mbali kwa heshima ya mkwe, shemeji, mikono ameiweka nyuma, kichwa kimeinama, naye anatembea taratibu vilevile. Wanakuja kama watu wanaotoka kuzika. Nilidhani macho yangu nayo yameharibika.

Nikapiga ukelele. "Mama! Gari! Mtoto haoni!"

Mama akainua kichwa. "Nini?" Alisema hapohapo, kwa sauti ya kutosha kijiji kizima. "Nini? Nani haoni?" Akalifungua fundo kwa mkono mmoja, mzizi ukaanguka mchangani, akakimbia. Mama yangu mwenye magoti mabovu, asiyeweza kurukuu bila kushika ukuta, alikimbia. Akamwekea mwanawe mkono tumboni, akamtamkia radhi huku tunambeba, maneno yanagongana. Mdogo wangu akasema, "Ahsante, mama." Tukamlaza juu ya magunia ya chumvi.

Degedege lilimpata njiani. Sitaki kulieleza. Mama alimshika kichwa, mimi miguu, shemeji alikuwa anasema jina lake tu, basi.

Tulipofika mkondoni mawe yalikuwa yamezama. Dereva akavua viatu akaingia kupima, akaenda mpaka maji yakamfika kifuani, akarudi akapiga ubavu wa gari kwa ngumi. Bati la zahanati tulikuwa tunaliona ng'ambo, linang'aa. Mitumbwi yote ilikuwa imetoka kuvua. Tulipiga kelele mpaka mama mmoja mwokota kome akatokea kwenye mikoko na kimtumbwi chake, tukamlaza mgonjwa ndani ya maji yaliyovuja humo, mama akaingia naye, mimi na shemeji tukaogelea tumeshika ubavu. Kati ya mkondo likampata tena.

Nesi alifanya kila alichoweza. Alimchoma sindano, akamtundikia maji, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, jasho linamtoka. Adhuhuri ikiadhiniwa mdogo wangu akakata roho. Mtoto naye hakuvuta pumzi. Alikuwa wa kike.

Nesi akakaa kwenye benchi karibu na mimi. Akasema, "Mngenijia kabla maji hayajajaa, ningekuwa na la kufanya." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, ningepata wa kugombana naye.

Wa kugombana naye nilimpata nyumbani. Tulishazika, watu wanapungua, nikamfuata shemeji uani alikojikunyata.

"Nilikutuma nini?" nikamwuliza.

"Shemeji..."

"Nilikutuma nini wewe? Nilikutuma umsindikize mama?"

Akaeleza. Alimkuta mama kule nyuma ya mashamba, anarudi. Akafungua mdomo aseme, akaliona fundo. "Nikasema, dawa ya mke wangu imo mle. Nikimsemesha inapoa, halafu nitampa nini? Nikasema, si anarudi nyumbani? Atafika, ataliona gari mwenyewe."

"Si ungempita ukimbie uje utuambie?"

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Nimpite mama mkwe, shemeji? Nimpe mgongo?"

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, na madema yake, na waliomfunza adabu. Akawa anapokea tu. Halafu nikakaa chini palepale kwenye majivu nikalia, kwa sababu nilikuwa nimejua. Mtu yule alikuwa anatembea nyuma ya kile alichoamini ndiyo roho ya mkewe, na alikuwa anaogopa hata kupumua asije akaipoza. Nilimchukia hivyohivyo. Namchukia na kumwonea huruma siku moja, saa moja, mpaka leo.

Mama hakumwuliza mtu neno. Alikaa eda yake ya moyoni, anafua, anapika, anajibu salamu. Nikadhani hajui kwamba mkwe alitumwa, na nikaapa sitasema. Kumbe mama zetu hawa. Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kula, akasema, "Niitieni mkwe wangu." Shemeji akaja, akasimama mbali, amegeuza uso pembeni kama inavyotakiwa.

"Kaa hapa," mama akasema, na akapiga jamvi alilokalia.

Watu tukatazamana. Mkwe wa kiume hakai jamvi moja na mama mkwe, hakuna aliyewahi kuliona. Akakaa kwenye ukingo.

"Siku ile ulitumwa uniambie nini?"

Akamwambia yote, gari, maji, macho, maneno yangu kama nilivyoyasema. Alipomaliza alikuwa ameweka paji la uso juu ya jamvi.

Mama akamwekea mkono mgongoni. "Mwanangu, inuka. Usijitese. Hata ungenisemesha nisingekuitikia. Mimi na mwiko wangu watu wananijua. Ningekupita tu kama nilivyokupita."

Kijana yule alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamume, lakini kilikuwa kilio cha kupumua. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema kweli, mama huyu mwiko wake anaujua, hata mtoto wake alishampita. Mimi nikainuka nikaenda kuosha sahani. Nilikuwepo mimi. Ukelele wangu mmoja tu, kutoka mbali, na alijibu kabla sijafunga mdomo. Mzizi niliuona ukianguka.

Mama bado anaombwa dawa. Mwaka huu mvua zilipoanza nilikuwa nimekwenda kumwona, na mama mmoja wa nyumba ya pili akaja kumwombea binti yake mzizi wa chango. Nilidhani atakataa. Akachukua kijembe. Nikasema nitamsindikiza, naye akasema haya, twende, na tangu mlangoni akaanza kuzungumza. Anaulizia bei ya uzi Chikongola, ananisema nimekonda, anawasalimia watu mashambani kwa sauti. Makaburini mikwamba ilikuwa imechanua, nyuki tele. Alichimba huku anaongea. Akafunga fundo kifuani, tukarudi.

Karibu na mikorosho tukakutana na mwanamke mwenye ndoo, jirani yetu. Aliliona fundo. Akashuka njiani, akaingia majanini, akainamisha kichwa.

Mama akasimama. "Habari za asubuhi?"

Mwanamke kimya.

"Umetumwa kwangu? Kuna neno langu umebeba?"

Yule mwanamke akanitazama mimi, ameogopa, kisha akashusha macho tena kwa adabu zote. Alikuwa anatuheshimu. Mama akamsogelea mpaka majanini, akamshika mkono.

"Sema, mwanangu. Hata kama halipo, sema tu kwamba halipo."

Hakusema. Mama akaendelea kusimama pale mbele yake, anamngoja, na mimi sikujua nimwondoe vipi.